Milimita Nane

Karakana ya kuchapa chuma,
Meza ya upimaji,
3 Machi

Kaka,

Salamu zangu zipokee, na za Mama zipokee kwa mikono miwili maana ni nzito. Anataka kujua mambo matatu: unakula, unalala, na hujashuka shimoni? Hilo la tatu analirudia mpaka nachoka. Nimemkumbusha kwamba wiki ile tuliyomzika Baba uliapa mbele yake kuwa utakaa juu na winchi yako ya kushushia wenzako, na shimo utaliona kwa mbali tu, kama watu wanavyoutazama mgodi kwenye kalenda. Akatulia kidogo. Kesho ataanza upya.

Sasa sikia. Bloku mpya ya breki ya winchi yenu imepita mikononi mwa mdogo wako! Imeondoka hapa Alhamisi kwa lori lenu la mahitaji.

Ulicheka niliposema tunachapa chuma. Haya, cheka tena. Mashine inatandaza unga wa chuma, tabaka jembamba kama unywele, leza inauyeyusha pale panapotakiwa, linatandazwa tabaka jingine, mpaka kipande kizima kinasimama. Kikitoka, uso wake unakwaruza kama ulimi wa paka. Kwa nje tunakisugua tutakavyo. Lakini bloku yenu ina njia za mafuta ndani yake, nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho, na mojawapo inakata kona. Huko mkono haufiki. Kwa hiyo mkuu wetu wa usafishaji, tunayemwita Mzee Msasa kwa sababu ya viganja vyake na zaidi kwa sababu ya maneno yake, anasukuma humo uji mzito wenye chenga kali. Uji unapita kwa nguvu na kulamba kuta. Anafanya hivyo mara tatu.

Mimi kazi yangu ni kujua uji umekula kiasi gani. Kabla ya kuanza, na baada ya kila mzunguko, namimina ndani mpira laini, ule ule ambao daktari wa meno hutumia kuchukua umbo la taya. Ukishaganda nauvuta, nao unatoka umebeba sura ya ukuta, vilima na mabonde yake yote. Tunauita ulimi. Ulimi wa kwanza ulikuwa na vilima vya mikroni kumi na nane (mikroni elfu moja ndiyo milimita), wa pili tisa, wa tatu nne. Wa nne ukashuka hadi mikroni mbili, na mbili ndiyo inayotakiwa. Lori lilikuwa limeshawasha injini, Msasa amenisimamia kichwani, na jasho langu lilikuwa linadondokea karatasi.

Neno la mwisho. Barua yako iliyopita si mwandiko wako. Herufi zimelalia upande mmoja kwa adabu, na nukta zote ziko mahali pake. Wewe hujawahi kuweka nukta mahali pake tangu darasa la kwanza. Nani anakuandikia, na kwa nini? Usinifanye nianze kuwaza.

Mdogo wako,
Hadubini


Kambi ya mgodi,
9 Machi

Hadubini,

Hukosei jina ulilopewa. Watu wengine wana dada, mimi nina mkaguzi. Kidole changu kiligongwa na nyundo, kimevimba kama kiazi, ndiyo maana jamaa ninayelala naye chumba kimoja ananishikia kalamu. Anasema nikuambie kwamba hajaoa. Nimemwambia aandike yanayomhusu.

Bloku yenu imefungwa Jumatano. Siku mbili za kwanza breki ilishika kama mama mkwe aliyemkuta mkwewe kwenye foleni. Nikajisifu kambi nzima kwamba chuma hicho kimelambwa na kupimwa na dada yangu tumbo moja. Mpaka mpishi amesikia.

Juzi tu ndipo kizimba kilipitiliza kituo cha chini. Ni kidogo, kama urefu wa kiganja. Unajua kizimba, lile sanduku la vyuma linaloshusha watu ishirini na wanne kwa mkupuo. Linapopitiliza hivyo, miguu inatangulia na tumbo linabaki juu, ndivyo wanavyosema wanaoshuka. Walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Mhandisi amesema ni kamba mpya inajinyoosha, tusiwe waoga kama kuku.

Mwambie Mama nakula, nalala, na niko kibandani kwangu juu, na chai yangu pembeni. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze.

Kaka yako wa winchi


Nyumbani,
14 Machi

Kaka,

Barua yako imefika leo saa nne na nimeisoma nimesimama mlangoni kazini. Sehemu ya kiganja nimeisoma mara nyingi. Nilisahau hata kuingia, Msasa akaniuliza kama nimefiwa.

Nisikilize, na usitie utani. Ile bloku ifunguliwe. Naogopa kuna unga wa chuma umebaki kwenye njia mojawapo ya mafuta. Hutokea, mashine huacha unga ndani na maji ya kuoshea hayautoi wote. Breki yenu, kama nilivyoelewa mchoro, inafunga pale mafuta yanapotoka. Mafuta yakichelewa kutoka, breki nayo inachelewa. Leo kiganja, kesho sijui.

Usiniulize nimejuaje. Nilikuwa nachora grafu ya kumwonyesha mteja jinsi uso ulivyobadilika mzunguko hadi mzunguko, nikaona kitu ambacho hakikunipendeza. Nilimwambia Msasa. Alifuta meza iliyokwisha kuwa safi, kisha akasema, "Binti, hilo neno likitoka hapa, karakana itafungwa, na wa kwanza kuulizwa ni wewe." Sijawahi kumwona akiongea kwa upole namna ile, na upole wake ndio ulionitisha.

Nilipiga simu ofisini kwenu. Aliyepokea aliniuliza jina langu na cheo changu. Nikakata. Nisamehe.

Kwa hiyo nakuachia wewe. Mwendee mhandisi wako, mwambie umesikia mlio usio wa kawaida, mwambie lolote, mradi aifungue na kutafuta unga. Usinitaje. Mimi ndiye ninayemtunza Mama, unalijua hilo, na kazi kama hii sitaipata pengine. Kinachonipa usingizi kidogo ni kwamba wewe uko kibandani. Ungekuwa ndani ya kizimba kile ningekwisha kuchanganyikiwa.

Nijibu kwa lori la kwanza.

Hadubini


Kambi ya mgodi,
20 Machi

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Kidole changu hakijavimba wala hakijagongwa. Ni macho. Tangu mwaka jana katikati ya kila kitu ninachokitazama kuna doa la moshi. Naona kingo za mlango, mlango siuoni. Mwezi wa kumi na mbili walitupima, nikashindwa kusoma hata ile herufi kubwa ya juu, na mtu asiyeona alama za kina hawezi kuachiwa winchi. Wakaniambia nichague: nirudi nyumbani, au nishuke na wenzangu kubeba mawe, kwa kuwa kule giza ni la wote. Nilimfikiria Mama na dawa zake, nikakufikiria na wewe, nikashuka. Mwezi wa tatu huu kila asubuhi nimo ndani ya kizimba. Tumbo lililobaki juu lilikuwa langu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilijua, nikaficha.

Sasa fikiria barua yako ilivyonifikia. Siwezi kuisoma. Jamaa yangu wa chumbani akanisomea kwa sauti, tumekaa kitandani, mlango uko wazi kwa joto. Alipofika kwenye "unga wa chuma" alipaza sauti na kuurudia mstari, na yeye ni wa kizimba kile kile. Nilimwambia amalize kwa kunong'ona, lakini mlangoni walikwisha kujaa. Hukutaka utajwe, kufikia jioni jina lako lilikuwa mdomoni mwa watu ishirini na wanne. Lisemwalo lipo, wakasema, na kesho yake hakuna aliyeingia kizimbani. Tulisimama pale juu, kofia mikononi, na kizimba kimefunguliwa mlango kinatungoja.

Mhandisi alikasirika, lakini si mtu mbaya. Aliifungua bloku mbele yetu, juu ya turubai safi. Akaniuliza, "Dada yako amesema nini hasa?" Nikajibu, unga wa chuma. Akapuliza hewa katika kila tundu, hewa ikatoka upande wa pili. Akapitisha sumaku, akatandaza kitambaa cheupe. Mdogo wangu, hakikutoka hata chembe moja. Wenzangu walikitazama kitambaa, kisha wakanitazama mimi. Sioni nyuso vizuri siku hizi, lakini zile niliziona.

Bloku imerudishwa. Mhandisi amesema winchi itajaribiwa kwanza, na kwa kuwa maneno yametoka nyumbani kwangu, nitashuka mimi peke yangu. Nikifika salama, wote watashuka, na asiyetaka akafungashe virago. Sijakataa. Ningekataaje? Nikikataa mimi nitakuwa nimewaambia kwamba nayaamini maneno yako, na bado nimewaacha wengine watangulie.

Ni keshokutwa, tarehe 22, asubuhi. Najua barua hii haitakufikia kabla. Nakuandikia hata hivyo, kwa sababu kuna jambo linanisumbua tangu jana. Wewe tangu utoto ukieleza kitu unaeleza mpaka mtu anaomba poo. Ukitumwa dukani unarudi na bei, uzito, na rangi ya shati la muuzaji. Barua yako ya juzi ilikuwa na jambo moja tu, tena limezungushwa. Kama kuna kitu umekiacha, ningependa kukijua kabla ya keshokutwa. Lakini ndiyo hivyo.

Naogopa. Nimemwambia jamaa aliandike hilo bila kulipamba.

Mama usimwambie neno.

Kaka yako


Nyumbani,
24 Machi

Kaka yangu,

Barua yako nimeipata leo saa tatu asubuhi. Tarehe 22 ilikuwa juzi.

Nilikimbia kwenye simu ya karakana na safari hii nikataja jina langu, cheo changu, kila kitu, bila kupumua. Nikamwambia karani wa ofisi yenu aliyepokea asimamishe winchi. Nikasikia akifunua karatasi. Kisha akasema winchi imesimama tangu juzi na simu ile ni ya dharura tu, akakata. Nimepiga tena mara tisa. Imesimama tangu juzi! Imesimamaje? Imesimama kwa sababu gani? Nimeyageuza maneno hayo mpaka yamekosa maana.

Sijui nakuandikia ukiwa wapi. Nakuandikia kana kwamba unanisikia, na nitasema yote, kwa sababu ulikuwa sahihi. Kuna kitu nilikiacha.

Hakuna unga wa chuma, Kaka. Haukuwepo. Ni mpira.

Sheria ya meza yangu ni moja: ulimi ukitoka, unapimwa urefu kwanza, kisha ndipo uso wake unapimwa. Urefu kwanza, kwa sababu usipokuwa kamili, kipande kimekatikia ndani. Hilo hata mgeni wa wiki moja analijua. Siku ile, lori linanguruma na Msasa anahesabu dakika, nilichomoa ulimi wa nne na kukimbilia hadubini moja kwa moja. Nilitaka ile mikroni mbili. Nikaiona, nikafurahi, nikaandika, nikasaini.

Siku kumi baadaye nilipanga ndimi zote nne mezani ili nichore grafu. Tatu zina milimita arobaini na moja kila mmoja. Wa nne una thelathini na tatu. Ncha yake imechanika, ilipochanikia panang'aa. Milimita nane ziko ndani ya bloku yenu, pale kwenye kona, na nilizitia kwa mkono wangu. Bloku ilitoka nzima kwenye mashine na kwenye uji. Mimi niliyekuwa naipima ndiye niliyeiharibu.

Na ndiyo maana ilishika siku za kwanza. Mpira ulikuwa umelalia ukuta, mafuta yakipita pembeni. Kisha mafuta ya moto yanauvimbisha, unajisogeza, unaziba, unazibua. Ukipuliza hewa, inapenya pembeni yake. Sumaku haiwezi kuuona. Mhandisi wako alitafuta nilichomwambia atafute, akakikosa, akawa na haki ya kukikosa. Ningesema "mpira, kwenye kona, milimita nane," angechukua waya wenye ndoano na kuutoa kwa dakika tano.

Nilisema unga kwa sababu unga ni kosa la mashine. Mpira ni kosa langu. Nilikaa na kalamu mkononi nikichagua kati ya maneno hayo mawili, Kaka, na sikuchagua kwa bahati mbaya. Nilijiambia wataifungua tu, wataona tu. Nilijiambia wewe uko kibandani. Watu ishirini na wanne wengine nao ni kaka za watu, hilo nalo nililijua, nikalipita.

Leo mchana nimewaita mwenyewe wakaguzi wa serikali. Wamechukua ndimi zote nne na daftari langu. Msasa alikaa juu ya ndoo yake ya uji, akasema tu, "Mimi ndiye niliyekuharakisha, andikeni na hilo." Wameniamuru nisitoke mji huu mpaka wamalize kunihoji Alhamisi. Vinginevyo ningekuja hata kwa miguu. Mama ameniona ninalia, nimemwambia ni meno, na hakuniamini, na hajauliza tena kama umeshuka. Ameacha kuuliza. Hicho kimya chake siwezi kukivumilia.

Tuma neno lolote. Tuma karatasi tupu, nitajua uko.

Mdogo wako


Zahanati ya mgodi,
27 Machi

Dada,

Anayeandika ni muuguzi wa zamu. Kaka yako anasema nami naandika kama anavyosema. Ameniapisha nisiongeze wala kupunguza.

Mdogo wangu, niko hai. Mwambie Mama hilo kabla hujasoma yanayofuata.

Nilishuka tarehe 22 saa moja na nusu. Nilishika nondo ya juu kwa mikono miwili, kama anavyofanya mgeni, na sikuona aibu. Kituo cha kwanza breki ilishika. Cha pili ikashika. Nikaanza kufikiri jinsi nitakavyokutania. Baada ya hapo nikasikia winchi inabadilisha sauti, na nilikaa na winchi miaka tisa, sauti ile naijua bila macho. Mtu wa juu alikuwa amevuta breki, nayo haikushika. Nilikuwa na muda wa kusema jina la Mama. Kizimba kilipita kituo cha chini na kugonga magogo yaliyowekwa kule chini kabisa kukikinga. Breki ilishika baadaye, wakati hakuna tena cha kushika.

Mguu wa kushoto umevunjika mahali pawili. Wa kulia daktari anakuja kuutazama kila asubuhi na anaondoka bila kusema. Najua maana yake. Muuguzi ameacha kuandika, nimemwambia aendelee.

Wenzangu wanakuja kwa zamu. Wanagusa ukingo wa kitanda na kutoka. Wangekuwa ishirini na wanne, kizimba kizito, na magogo yale yasingetosha. Wanalijua hilo na mimi nalijua.

Jana mhandisi alikuja. Wameikata bloku kwa msumeno. Alivuta kiti, akaanza, "Tumekuta ndani…" Nikamwambia anyamaze. Alishangaa. Nikamwambia, kilichomo ndani ya bloku ile nataka nikisikie kwa mtu mmoja tu, na huyo hayupo hapa.

Barua yako ya tarehe 24 imefika leo. Nimeipapasa, ni nene. Jamaa yangu alijitolea kunisomea, nikakataa. Muuguzi naye amejitolea, nimemkatalia, samahani, Sista. Iko chini ya mto wangu, haijafunguliwa. Sina hasira, au labda ninayo na sijaifikia bado, maumivu yako mbele yake. Ninachojua ni kwamba naogopa kilichomo kuliko nilivyokiogopa kizimba.

Wakaguzi wakikuachilia, njoo. Utakaa kwenye kiti hiki cha mhandisi, utaifungua wewe mwenyewe, na utanisomea kwa sauti yako, kuanzia tarehe hadi sahihi. Usiruke mstari.

Kaka yako